Leseni za Programu Huria: Maswali Tunayoulizwa Unguja na Pemba

Maswali haya yameulizwa barazani, darasani, na mengine kwa simu saa sita za usiku, kesho yake kazi inakabidhiwa kwa mteja. Waliouliza ni vijana wa Mjini na Tunguu, mafundi wa kompyuta wa Darajani, na wachache waliovuka kutoka Pemba kuja kusoma. Nimeyaacha kama yalivyotoka midomoni mwao. Mimi ni mwandishi wa programu, si wakili. Penye pesa nyingi au ugomvi, nenda kwa wakili. Na neno moja kabla hatujaanza: hapa nitasema "msimbo", yaani maandishi anayoyaandika mtu kuitengeneza programu. Najua vijana husema "kodi", lakini ukitamka kodi mbele ya mwenye duka la Darajani atadhani umetumwa na watu wa mapato.

Leseni yenyewe ni kitu gani?

Ni ruhusa. Ila ruhusa ina masharti, na ugomvi wote uko kwenye masharti.

Ukiandika programu usiku wa leo, ni mali yako tangu pale ulipoihifadhi kwenye kompyuta. Huhitaji kuisajili wala kuipiga muhuri. Ndivyo unavyotaka Mkataba wa Berne wa hakimiliki, ambao Tanzania imo tangu 1994, na makubaliano ya TRIPS ya Shirika la Biashara Duniani yakaongeza kwamba programu za kompyuta zilindwe kama zinavyolindwa kazi za maandishi. Kwa hiyo anayenakili msimbo wako bila idhini hana tofauti na anayechapa diwani ya mshairi bila kumuuliza mshairi. Leseni ni idhini uliyoiandika mara moja, ili watu elfu wasikupigie simu kila mmoja kuomba yake.

Huria maana yake bure, au siyo?

Siyo. Na hapa Kiswahili kimetupunguzia kazi, kwa sababu "huru" na "bure" kwetu ni maneno mawili. Kiingereza kina neno moja kwa yote mawili, ndiyo maana Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983 na kuanzisha Free Software Foundation (FSF) mwaka 1985, ameutumia umri wake mwingi kueleza kwamba anazungumzia uhuru, si bei.

Uhuru wenyewe anauhesabu mara nne: kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuifungua na kuibadilisha, kuwagawia wengine, na kuwagawia ile uliyoibadilisha. Mwaka 1998 wengine waliona lugha hiyo inawatisha wafanyabiashara, wakaanzisha Open Source Initiative na kutumia jina la "chanzo huria". Wana masharti kumi ya kupima leseni. Mawili watu wengi wa hapa hawayajui: leseni haiwezi kubagua mtu wala kundi la watu, na haiwezi kubagua aina ya kazi. Ukiona leseni inayosema "usitumie kwa biashara", hata kama msimbo wote uko wazi mbele yako, hiyo si chanzo huria. Inaweza kuwa leseni nzuri tu, lakini usiiite jina ambalo si lake.

Nimekuta msimbo GitHub, hauna leseni yoyote. Si ndiyo maana mwenyewe kauweka hadharani?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu huwaudhi watu.

Msimbo usio na leseni haujaruhusiwa. Ukimya wa mwenyewe si idhini. Ukipita Mkunazini ukakuta mlango wa mtu uko wazi, utapiga hodi; hutaingia mpaka jikoni ukafunua masufuria. Masharti ya GitHub, tovuti watu wanapowekea msimbo wao, yanakuruhusu kuutazama msimbo uliowekwa hadharani na kujifanyia nakala humohumo ndani ya GitHub. Kuuchukua na kuutia kwenye mfumo unaomuuzia mteja ni jambo jengine.

Piga hodi basi. Muandikie mwenyewe ujumbe mfupi wa adabu: nimependa kazi yako, nataka kuitumia kwa jambo hili, je unaweza kuiwekea leseni? Mara nyingi mtu alisahau tu, na huweka leseni fupi iitwayo MIT siku ileile. Asipojibu, achana nao. Soma alivyofanya, elewa wazo, kisha andika wako mwenyewe bila kunakili. Hakimiliki inalinda maandishi, hailindi wazo.

Leseni ziko nyingi mno. Nianzie wapi?

Zipo nyingi kweli, lakini karibu zote ziko katika koo mbili.

Ukoo wa kwanza ni wa ruhusa pana: MIT, BSD, Apache. Hawa wanakwambia: chukua, badilisha, uza, ufunge msimbo usionekane ukitaka, ila usifute jina langu na usinishitaki kikiharibika. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika pia hapa Zanzibar, uko chini ya leseni ya BSD.

Ukoo wa pili ni wa kurithisha, ambao wenyewe wanauita kopilefti: GPL na ndugu zake LGPL na AGPL, na MPL kwa mbali. Hawa wanakwambia: chukua, badilisha, uza, lakini unayempa naye apate haki zilezile ulizozipata wewe.

Mtu wa Zanzibar hahitaji mfano kutoka mbali kuuelewa ukoo huu wa pili, maana tuna wakfu. Mtu amechimba kisima akakiweka wakfu kwa wapita njia wa mtaa wake. Unaweza kuchota, kunywa, kuogea, hata kumuuzia mtu kazi ya kumbebea ndoo mpaka kwake. Huwezi kukizungushia ukuta ukaweka kufuli. Na mafakihi wana kauli kwamba sharti la mweka wakfu ni kama nassi ya sheria. Alivyosema ndivyo inavyofuatwa. GPL inasomwa kwa roho hiyohiyo: masharti ya aliyetoa hayaondoki kwa sababu mali imebadilisha mikono mara kumi.

Mfano huu una mwisho wake, na bora niuseme kuliko mtu aje kunisuta barazani. Aliyeweka wakfu ameitoa mali mikononi mwake. Mwandishi aliyetoa programu kwa GPL bado ndiye mwenye hakimiliki. Anaweza kesho kumuuzia mtu mwengine programu ileile kwa leseni tofauti kabisa, na wapo wanaoishi kwa biashara hiyo. Asichoweza ni kukunyang'anya wewe ile nakala uliyokwisha kuipata kwa GPL, muda wa kuwa unafuata masharti.

MIT inanitaka nini?

Kitu kimoja: tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni yabaki katika nakala zote au sehemu kubwa za programu. Leseni nzima haijazi ukurasa mmoja. Isome.

Kwenye programu ya simu, weka ukurasa wa "Leseni" ndani ya "Kuhusu" na uyabandike maneno yote humo. Watu hawafanyi, na sababu wanayotoa ni kwamba "hakuna anayesoma". Mwenyewe akiitafuta kazi yake, ataisoma.

Na Apache?

Inafanana na MIT lakini ndefu zaidi, na urefu huo una sababu. Toleo la 2.0, la mwaka 2004, linataja waziwazi hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake: aliyechangia msimbo amekupa pia ruhusa ya hataza zake zinazohusika na mchango huo, na ukimshitaki mtu kwa hataza kwa ajili ya programu hiyo, ruhusa yako ya hataza inakatika. Inataka pia uandike katika mafaili uliyoyagusa kwamba umeyabadilisha, na kama kuna faili liitwalo NOTICE, uende nalo. Jina na nembo za mradi hazimo katika ruhusa.

Nikigusa kitu cha GPL, ndiyo lazima niitoe kazi yangu yote kwa dunia nzima?

Hofu hii imewafanya watu wakimbie vitu vizuri. Tuichukue hatua kwa hatua.

Kwanza, kuitumia tu hakukudai chochote. Barua uliyoandika kwa LibreOffice ni yako. Ramani uliyochora kwa QGIS, ambayo ni ya GPL, ni yako. Hata ukiibadilisha programu ya GPL na kuitumia ofisini kwako peke yako, hudaiwi na mtu.

Pili, deni linaanza pale unapoigawa. Unaichukua programu ya GPL, unaiunganisha na msimbo wako kuwa kitu kimoja, unampelekea mteja wa Chake Chake. Hapo kitu chote hicho kiende kwa GPL, na mteja apate msimbo. Angalia: *mteja*. Hukuambiwa uutundike kwenye intaneti. Ukimpa msimbo pamoja na programu yenyewe, umemaliza. Njia nyengine katika toleo la 2 ni kumpa ahadi ya maandishi kwamba msimbo utapatikana kwa gharama ya kunakili tu, ahadi inayodumu miaka isiyopungua 3, na hiyo inamhusu yeyote atakayekuja kuuomba. Mimi huwa naupeleka pamoja moja kwa moja. Miaka mitatu ni mingi, na diski hufa.

Tatu, programu mbili zilizokaa jirani ndani ya kompyuta moja hazijawa kitu kimoja. Linux iko kwa GPL toleo la 2, na programu zilizofungwa zinakaa juu yake kila siku bila tatizo. Na LGPL iliandikwa makusudi kwa ajili ya maktaba za msimbo, yaani vipande vinavyoitwa na programu nyingi: unaweza kuiita maktaba kutoka programu yako iliyofungwa, mradi mtumiaji aweze kubadilisha ile maktaba na kuweka toleo lake.

Kama unataka kuona sharti hili limezaa nini, tazama ruta. Linksys walitoa ruta ya WRT54G ikiwa na Linux ndani yake. Watu waligundua, wakadai msimbo, na mwaka 2003 ukatolewa. Juu ya msimbo ule ulianza mradi wa OpenWrt, ambao leo unatumika kwenye ruta za aina nyingi mno. Fundi wa hapa anayefufua ruta kuukuu ya nyumba ya wageni kwa OpenWrt anachota katika kisima kile.

Mimi sigawi programu, watu wanaitumia kupitia tovuti yangu. Nimesalimika?

Kwa GPL, ndiyo, kwa ule msimbo unaobaki kwenye seva. (Msimbo wa JavaScript unaotumwa kwenye kivinjari cha mtu umeshagawiwa, huo usiusahau.)

AGPL iliandikwa kuuziba mwanya huo. Toleo lake la 3 ni la Novemba 2007. Linasema: ukiibadilisha programu hii na watu wakaitumia kupitia mtandao, wape hao watumiaji nafasi ya kuupata msimbo wa toleo lako. Kwa hiyo kijana anayetengeneza huduma ya kuwaonyesha wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani saa za maji kupwa na siku za bamvua, akichukua sehemu ya AGPL na kuigeuza, ajue wakulima wale wana haki ya kuuona msimbo. Kama ungependa ubaki wako, tafuta sehemu nyengine mapema, kabla hujajenga nyumba nzima juu yake.

Naweza kuuza programu huria?

Unaweza, na kwa bei uitakayo. GPL haikuweka kikomo cha bei. Lakini ukimuuzia mwenye hoteli mmoja wa Nungwi, yeye anaruhusiwa kumpa jirani yake bure, na huna la kumfanya.

Basi uza kile ambacho jirani hawezi kukinakili: kuisimika kwenye kompyuta zake, kuwafundisha watu wa mapokezi, kuhamisha daftari la zamani, na kuja Jumapili usiku mfumo umelala na wageni arubaini wamekaa kwenye mabegi yao. Nimeona watu wakilipa kwa hilo bila kubishana hata shilingi.

Nimenunua mandhari ya WordPress mara moja nikaiweka kwa wateja kumi. Nimeiba?

Tovuti nyingi za watembezaji watalii hapa ziko juu ya WordPress, programu ya kujengea tovuti, na mandhari ndiyo vazi la tovuti, kwa hiyo swali ni la haki. WordPress ni GPL, toleo la 2 au la baadaye, na msimamo wa mradi ni kwamba msimbo wa mandhari na viongezi ulioandikwa kwa lugha ya PHP nao ni wa GPL. Kama mandhari yako yote ni ya GPL, kuiweka kwa wateja kumi ni halali. Lakini wauzaji wengine hugawa mara mbili: PHP ni GPL, ila picha na mitindo ya muonekano ina leseni yao wenyewe. Soma karatasi uliyopewa uliponunua.

Na ufunguo wa kupata masasisho ni huduma tofauti. Ukilipia tovuti moja, muuzaji hakulazimika kukuhudumia kumi.

Zile zinazogawiwa kwenye vikundi vya simu, "imefunguliwa, weka tu", usiziguse. Sisemi kwa ajili ya leseni. Mara kwa mara huwa na mlango wa nyuma, na utaujua siku tovuti ya mteja inapoanza kutangaza kamari.

Mteja anataka "haki zote" za mfumo. Nisaini?

Mimi nilisaini. Nilimuandikia mwenye hoteli mmoja wa pwani ya mashariki mfumo wa kupokea wageni. Mkataba uliandikwa upande wake: kila mstari wa msimbo utakuwa mali ya mteja peke yake. Nilikuwa nimeshaona malipo ya awali, macho yakapita juujuu. Ndani ya mfumo mlikuwa na sehemu ya kutoa risiti, na sehemu hiyo ilikuwa ya AGPL. Niliahidi kumpa mtu umiliki wa kitu ambacho si changu.

Haikuonekana mpaka hoteli ilipotaka kuuzwa na mnunuzi akaleta mkaguzi. Aliniuliza swali moja tu, orodha ya vitu vya watu wengine iko wapi? Sikuwa nayo. Wiki tatu nilikaa nikiing'oa ile sehemu na kuandika nyengine, bila malipo, na kila siku simu.

Siku hizi mikataba yangu ina kifungu hiki, na mteja akikikataa najua tuna mazungumzo bado: "Mteja atamiliki msimbo ulioandikwa mahsusi kwa kazi hii. Sehemu za watu wengine zilizoorodheshwa katika kiambatanisho zitabaki chini ya leseni zake." Kichukue ukitaka.

Hii orodha inatengenezwaje?

Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila unapoingiza kitu cha mtu, andika safu tano: jina, toleo, ulikoipata, leseni, na umeitumia wapi. Jedwali la kawaida linatosha. Kwa majina ya leseni tumia vifupisho vya SPDX, orodha ya majina sanifu ya leseni, kama MIT, Apache-2.0 au GPL-2.0-or-later, kwa sababu "GPL" tupu haisemi ni toleo gani, na toleo lina maana: msimbo wa Apache 2.0 unaweza kuingia ndani ya kazi ya GPL toleo la 3, lakini kwa mujibu wa FSF hauingii katika iliyo toleo la 2 tu.

Lugha nyingi za programu zina zana za kutoa orodha yenyewe. Zitumie, kisha kagua kwa mkono vile ulivyonakili kutoka tovuti za maswali na majibu. Stack Overflow kwa mfano ina leseni ya CC BY-SA, inayotaka utaje mwenyewe na ugawe kwa leseni hiyohiyo, na zana haitakuonyesha hilo.

Leseni hizi zimeandikwa Marekani. Zina nguvu gani hapa?

Zinasimama juu ya hakimiliki, na hakimiliki tunayo. Ila wengi hawajui kwamba jambo hili si la Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki, namba 14 ya 2003, na chombo chake, COSOZA. Bara wana sheria yao namba 7 ya 1999 na COSOTA. Vivyo hivyo kwa alama za biashara: huku ni BPRA, kule ni BRELA. Umesajili jina la programu yako Dar es Salaam ukadhani umemaliza? Hujamaliza. Kwetu ni ofisi nyengine.

Nje, mahakama zimeshazitambua. Mwaka 2004 mahakama ya Munich iliisimamisha kampuni iliyouza vifaa vyenye msimbo wa GPL bila kufuata masharti, kwa madai ya Harald Welte, mmoja wa waandishi wa msimbo huo. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika kesi ya Jacobsen na Katzer iliyohusu programu ya kuendeshea treni za kuchezea, ilisema kuvunja masharti ya leseni ya namna hii kunaweza kuwa uvunjaji wa hakimiliki, hata kama programu ilitolewa bure. Treni za kuchezea! Ndiyo kesi ambayo mawakili bado wanainukuu.

Kuna GPL ya Kiswahili?

Hakuna yenye nguvu ya kisheria. FSF haiidhinishi tafsiri yoyote kuwa rasmi. Kiingereza ndicho kinachohesabika, tafsiri ni za kukusaidia kuelewa. Si kila leseni iko hivyo. EUPL, ya Umoja wa Ulaya, imetolewa kwa lugha zao rasmi na zote zina uzito sawa. Kwa hiyo jambo linawezekana, ni nani atakayelifanya tu.

Kuitafsiri programu yenyewe ni jambo jengine, na ruhusa unayo. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, bila kumuomba mtu, kwa sababu leseni ilishasema ndiyo.

Ramani, picha na herufi nazo zina leseni hizi?

Zina zake. OpenStreetMap iko chini ya ODbL tangu 2012: tumia, lakini taja ulikotoa, na ukiboresha hifadhidata na kuitoa kwa watu, itoe kwa leseni hiyohiyo. Hapa petu Kamisheni ya Ardhi pamoja na SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa, walirusha droni juu ya Unguja na Pemba kuanzia 2016, na picha zikawekwa wazi. Ukizitumia, tazama sharti lililoandikwa kwenye picha yenyewe. Kwa kawaida ni kutaja jina, na kutaja jina hakugharimu kitu.

Herufi mara nyingi ni za SIL OFL. Amiri, inayopendwa na wanaopanga vitabu vya madrasa kwa Kiarabu, ni ya leseni hiyo. Unaruhusiwa kuitia ndani ya programu na kuiuza programu. Huruhusiwi kuiuza herufi peke yake.

Kwa maandishi, picha na sauti kuna leseni za Creative Commons. Wenyewe wanashauri zisitumike kwa programu.

Kampuni inaweza kubadilisha leseni katikati ya safari?

Kwa matoleo yajayo, ndiyo, kama hakimiliki yote iko mikononi mwake au leseni ya awali ilikuwa pana. HashiCorp waliifanyia hivyo Terraform, zana yao ya kupangia seva, Agosti 2023, na kampuni ya Redis ikaifanyia hifadhidata yake Machi 2024. Matoleo ya nyuma yalibaki na leseni ya nyuma, na watu wakayachukua hayo wakaendelea nayo kivyao: OpenTofu upande mmoja, Valkey upande mwengine. Redis wakarudi kuongeza AGPL mwaka 2025. Kabla ya kujenga juu ya mradi wa kampuni moja, tazama kama wachangiaji hutakiwa kuikabidhi hakimiliki. Wakitakiwa, mlango wa kubadilisha uko wazi.

Msimbo niliopewa na akili mnemba ni wa nani?

Hili bado linatokota, mahakama za nchi mbalimbali hazijakubaliana. Mimi nina kanuni ya jikoni tu. Mistari michache ya kawaida, sawa. Ukiletewa kipande kirefu kilichokamilika, chenye maelezo ya pembeni yasiyohusu kazi yako, kitafute mtandaoni, kwa sababu huenda kina mwenyewe.

Na mifumo ya akili mnemba yenyewe, si kila unaoupakua ni huria. Leseni ya Llama ya Meta ilikuja na sharti kwa kampuni zenye watumiaji zaidi ya milioni 700 kwa mwezi. Wewe wa Wete halikuhusu, lakini kumbuka lile sharti la kutobagua: Open Source Initiative haiihesabu kuwa huria.

Mimi mwanafunzi, nimemaliza mradi wangu. Niweke leseni gani?

Uliza kwanza kama ni wako kuutoa. Soma kanuni za chuo. Na kama uliuandika kazini, soma mkataba wa ajira.

Ni wako? Kama unataka utumike popote na jina lako lizunguke, MIT, au Apache 2.0 ukiwa na wasiwasi wa hataza. Kama ni kitu cha umma, mfumo wa skuli au wa sheha kwa mfano, mimi naegemea GPL au AGPL. Sipendi kuona kazi ya vijana wa hapa ikifungwa kisha tunauziwa sisi wenyewe. Wenzangu hubisha kwamba kampuni zitaikimbia. Huenda. Usijitungie leseni yako, hata ikiwa mistari mitatu ya nia njema. Yupo aliyeongeza kwenye leseni sharti la "tumia kwa wema, si kwa uovu", na mawakili wa kampuni mpaka leo wanaikwepa, kwa kuwa hakuna anayejua wema unaishia wapi.

Nimeshakosea, na kazi iko kwa mteja. Nifanyeje?

Usifute ushahidi, na usinyamaze.

Rekebisha kwanza: rudisha matangazo uliyoyafuta, au mpe mteja msimbo anaostahili. GPL toleo la 2 linakata haki zako papo hapo unapokiuka. La 3 lina huruma zaidi: kama ni kosa lako la kwanza kwa mwenye hakimiliki huyo na ukalirekebisha ndani ya siku 30 tangu akupe taarifa, haki zako zinarudi moja kwa moja. Kwa hiyo barua ikija, kitu cha kwanza ni kuandika tarehe uliyoipokea. Kisha mjibu, hata kwa mistari miwili, kwamba umeiona na unashughulikia. Wengi wa watu hawa ni waandishi wa programu kama wewe. Wanataka msimbo utoke na jina lao lirudi, na ukivifanya hivyo mapema, mara nyingi hawatafuti fidia.

Mwambie na mteja siku hiyohiyo, asije akasikia kwa mkaguzi.